Mwongozo wa Kutumia Kompyuta na Simu bila Kuumiza Mwili wala Kupoteza Taarifa Zako

Anayenunua kompyuta huuliza kasi yake, ukubwa wa hifadhi yake na saa ambazo betri itadumu, lakini ni nadra kumsikia akiuliza atakaa vipi mbele yake kwa saa nane, au kazi atakayoiandika itakuwa wapi siku mashine itakapogoma kuwaka. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Madhara ya vifaa hivi, yawe ya shingo, ya macho au ya akaunti iliyovamiwa, mara nyingi hujijenga polepole kutokana na jambo dogo linalorudiwa kila siku, na huzuilika kwa kulirekebisha jambo hilo mapema. Nimeanza na mwili, nikafuatisha kifaa, kisha taarifa, maana faili iliyopotea huenda ikarejeshwa, ilhali neva iliyobanwa kwa miaka huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Hatua ya kwanza: Panga kiti na meza kutoka chini kwenda juu

Watu wengi huanza na skrini kwa kuwa ndiyo wanayoitazama, na wakigusa kiti baadaye hulazimika kupanga kila kitu upya. Anza na nyayo. Kaa ukiwa umeegemea kabisa, kisha pandisha au shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage sakafu na mapaja yalale takriban sambamba nayo. Kati ya ukingo wa kiti na upande wa nyuma wa magoti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, ili ukingo huo usibane miguu. Sehemu ya chini ya mgongo, pale uti unapoingia ndani, inahitaji kitu cha kuegemea. Kiti kisicho na egemeo mahali hapo unaweza kukitengenezea kwa taulo iliyoviringishwa.

Ukishatulia hapo, legeza mabega, acha viwiko vikae karibu na mbavu, kisha kunja mikono kama mtu anayejiandaa kuandika. Pembe ya kiwiko iwe nyuzi 90 au zaidi kidogo, na kibodi ikae kwenye kimo hicho hicho, ili kifundo cha mkono kisipinde kwenda juu wala chini. Meza ikiwa juu mno na haishushiki, pandisha kiti, halafu weka kitu imara cha kukanyagia. Kipanya kikae kando kabisa ya kibodi, kwa sababu mkono unaonyooshwa mbele siku nzima kukifuata ndio unaolichosha bega.

Skrini ndiyo ya mwisho. Iweke umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani takriban sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Anayevaa miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja aishushe zaidi, kwa kuwa yeye husoma kupitia sehemu ya chini ya lenzi, na skrini ikiwa juu hujikuta ameinua kidevu mpaka shingo inakakamaa.

Kompyuta mpakato haikubaliani na mpangilio huu kwa umbo lake lenyewe. Kibodi na skrini vimeungana, kwa hiyo ukiiweka mahali panapofaa mikono, shingo huinama, na ukiiinua kwa ajili ya shingo, mikono hupanda juu. Kwa matumizi ya dakika chache haidhuru. Anayeifanyia kazi kila siku aiinue juu ya kisanduku au rundo la vitabu mpaka skrini ifikie kimo cha macho, kisha atumie kibodi na kipanya vya kuchomeka. Kama uwezo wako ni wa kununua kitu kimoja tu kati ya vyote vilivyotajwa humu, nunua kibodi hiyo.

Nasema hivyo kwa yaliyonikuta. Niliwahi kuhariri maandishi kwa miezi kadhaa kwenye meza fupi, vifundo vya mikono vikiwa vimelalia ukingo wake. Mwanzoni nilikuwa nikiamka usiku mkono wa kulia umekufa ganzi, nikidhani nimeulalia. Kisha asubuhi moja nilishindwa kufunga kifungo cha shati: nilikiona kidole gumba na cha shahada vikiwa juu ya kitambaa, lakini sikuhisi kitambaa chenyewe. Daktari aliniuliza swali ambalo tangu siku hiyo nawauliza wengine: ganzi iko kwenye vidole gani? Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete hupata hisia kupitia neva ya kati, ambayo hupita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono ikibanana na kano tisa za vidole. Ikiminywa hapo, vidole hivyo ndivyo vinavyolalamika. Kidole cha mwisho kina neva nyingine, ambayo mara nyingi hubanwa kwenye kiwiko, na mwenye mazoea ya kuegemeza viwiko juu ya meza ngumu huiweka hatarini. Ganzi au hali ya kuchomwachomwa ikikaa zaidi ya siku chache, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali ukiwa na jibu la swali hilo. Tafadhali usiyazoee maumivu kwa kudhani kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya pili: Yape macho nafasi ya kupumzika

Jicho lililotulia hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, na linapokazia skrini idadi hiyo hushuka sana, wakati mwingine hadi chini ya nusu. Kope ndizo zinazosambaza machozi juu ya jicho, kwa hiyo zikitulia jicho hukauka, huwasha, na wakati mwingine hujibu kwa kububujika machozi, jambo linalomfanya mtu asiamini kwamba tatizo lake ni ukavu. Misuli ya ndani ya jicho nayo hubaki imejikaza muda wote unapotazama karibu. Kwa sababu hizo wataalamu wa macho hupendekeza kwamba kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, huku ukipepesa taratibu.

Baada ya hapo shughulikia mwanga. Dirisha likae ubavuni mwako, kwa kuwa likiwa mbele yako linakuumiza macho na likiwa nyuma linaakisiwa kwenye skrini. Kupima ung'avu, shika karatasi nyeupe kando ya skrini iliyofunguliwa ukurasa mweupe: skrini ikionekana kama taa, imezidi, ikionekana ya kijivu, imepungua. Maandishi yakiwa madogo, bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha ili yakue, badala ya kusogeza uso.

Kuhusu miwani inayouzwa kwa madai kwamba huchuja mwanga wa buluu na kuondoa uchovu wa macho, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, haukuonyesha kwamba hupunguza uchovu huo kwa matumizi ya muda mfupi. Maoni yangu ni kwamba fedha hiyo ni bora ilipie kipimo cha macho, hasa kwa aliyevuka miaka 40, umri ambao lenzi ya jicho huanza kukakamaa na kusoma karibu kuwa kugumu.

Hatua ya tatu: Usikae mkao mmoja, na inua simu

Hata mkao mzuri huchosha ukidumishwa kwa saa tatu. Simama kila baada ya nusu saa, tembea hatua chache, nyoosha mikono na uzungushe mabega. Njia rahisi ni kuiunganisha tabia hiyo na jambo ambalo tayari unalifanya: pokea simu ukiwa umesimama, au weka chupa ya maji mbali kiasi kwamba ni lazima uinuke kuifuata.

Simu ina shida yake. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na shingo huubeba uzito huo kwa wepesi kikiwa wima, lakini kadiri kinavyoinama mbele ndivyo misuli ya nyuma inavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Inua simu ikaribie kimo cha uso, ukiegemeza viwiko kifuani au juu ya mto, na kwa ujumbe mrefu tumia vidole vya mikono yote miwili au uandike kwa sauti.

Hatua ya nne: Linda masikio na usingizi

Sauti ina hesabu yake. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka salama kwa mtu mzima anayesikiliza kwa vifaa vya masikioni, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: saa 20 kwa desibeli 83, saa 10 kwa desibeli 86, saa 5 kwa desibeli 89. Seli za sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Weka sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, na ukijikuta unaipandisha ili kushinda kelele za barabarani, acha kusikiliza mpaka ufike mahali patulivu. Mlio unaobaki sikioni baada ya kuvua vifaa ni dalili kwamba ulishavuka mpaka.

Usiku, mwanga wa skrini huuchelewesha mwili kutoa melatonini, homoni inayouandaa kulala, na habari za kusisimua huongeza ugumu. Zima skrini angalau nusu saa kabla ya kulala, na chaji simu nje ya chumba. Anayesema anaihitaji kwa ajili ya kengele ya asubuhi atafute saa ya mezani.

Watoto wana mipaka yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unasema muda wa kukaa mbele yake usizidi saa 1 kwa siku. Kwa mkubwa zaidi, mpeleke nje mchana: kukaa kwenye mwanga wa jua kumeonekana kuchelewesha tatizo la kutoona mbali.

Hatua ya tano: Chunga umeme, joto na betri

Usichomeke waya wa soketi nyingi ndani ya mwingine, kwa kuwa mzigo wote huishia kwenye waya wa kwanza na kuupasha moto. Kwa kompyuta ya mezani tumia kifaa cha kuhimili mabadiliko ya umeme, na panapokatika mara kwa mara ongeza kile chenye betri ya akiba kinachokupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Zima na uchomoe kabla ya kufuta vumbi, na nyunyizia maji kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kifaa.

Betri za lithiamu huogopa joto. Simu inayochajiwa chini ya mto au juu ya godoro haina pa kutolea joto lake, kwa hiyo iweke juu ya kitu kigumu. Betri iliyovimba hujitambulisha mapema kuliko watu wanavyodhani: skrini ya simu inainuka upande mmoja, au sehemu ya kipanya ya kompyuta mpakato inakuwa ngumu kubonyeza. Ukiona hivyo, acha kuchaji, zima kifaa, usiibonyeze wala kuitoboa, na ukipeleke kwa fundi. Kuendelea kukitumia kwa sababu bado kinawaka ni kuhatarisha nyumba.

Hatua ya sita: Imarisha milango ya akaunti zako

Nguvu ya nywila iko zaidi kwenye urefu wake kuliko kwenye alama zilizochomekwa ndani yake. Chagua maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo hayamo kwenye methali wala wimbo, uyaunganishe. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, iliacha kupendekeza kubadili nywila kila baada ya muda fulani, kwa kuwa watu wanaolazimishwa hivyo huongeza tarakimu mwishoni tu. Badili unapokuwa na sababu ya kudhani imevuja. Kosa kubwa ni kutumia nywila moja kila mahali, kwa sababu tovuti moja ikidukuliwa, wezi huijaribu nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe na benki. Programu ya kutunza nywila huondoa tatizo hili, na asiyependa programu anaweza kuziandika kwenye daftari linalofungiwa nyumbani.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai uthibitisho wa pili, kama msimbo, baada ya nywila, ukianza na barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila akaunti nyingine. Msimbo unaotumwa kwenye simu usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtumishi wa benki, na hata akilitaja jina lako kamili.

Hatua ya saba: Soma kiungo kabla ya kukibonyeza

Hapa naomba msomaji atulie, kwa kuwa wizi mwingi wa mtandaoni huanzia kwenye ujumbe unaotia hofu na kiungo kilichowekwa chini yake. Tuchukue anwani hii ya kubuni: https://benkiyako.com.hakiki-akaunti.net/ingia. Jicho la mwenye haraka huona neno benkiyako.com na kuridhika. Wewe iruke mikwaju miwili ya mwanzo (mkwaju ni alama hii: /), tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, kisha rudi kushoto. Karibu kabisa na mkwaju huo kuna net, na kabla yake hakiki-akaunti. Huyo, hakiki-akaunti.net, ndiye mwenye tovuti. Yote yaliyotangulia ameyaandika mwenyewe kwa namna aliyotaka, na angeweza kuandika jina la benki yoyote. Anwani ikiishia kwa sehemu mbili fupi, kama .co.uk au .co.tz, hesabu neno moja zaidi kuelekea kushoto.

Alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani isikutulize. Inathibitisha kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasomwi na mtu wa katikati, na haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Kwa kiungo kilichofichwa nyuma ya maneno, kwenye kompyuta weka kishale juu yake bila kubonyeza, na kwenye simu kishikilie kwa kidole mpaka anwani ijitokeze. Na ukiwa na shaka hata kidogo, acha kiungo hicho, fungua kivinjari, andika anwani unayoijua, au piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako.

Ukishabonyeza na kuandika nywila, usijilaumu ukapoteza muda. Ibadili mara moja kwa kutumia kifaa kingine, nenda kwenye mipangilio ya akaunti ufunge vikao vyote vilivyo wazi, yaani uiondoe akaunti kwenye kila kifaa ilikofunguliwa, na uitaarifu benki ndani ya dakika, si kesho yake.

Hatua ya nane: Pokea masasisho, tunza nakala

Mnamo Mei 2017 programu ya hila iliyoitwa WannaCry ilifunga faili katika kompyuta za nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Tundu ililoingilia lilikuwa limeshazibwa na Microsoft kwa sasisho, yaani marekebisho ya programu, la mwezi Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Waliolipokea walisalimika. Ruhusu masasisho yajisakinishe usiku, na fahamu kifaa chako kinaacha kuhudumiwa lini: Windows 10, kwa mfano, ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Nakala za akiba zifuate hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala 3 za kila kitu muhimu, kwenye hifadhi za aina 2, na nakala 1 ikae mbali na nyumba au ofisi. Diski ya nje ichomeke wakati wa kunakili tu, kwa sababu ikibaki kwenye kompyuta, programu kama WannaCry itaifunga nayo. Kila baada ya miezi mitatu chagua faili moja kutoka kwenye nakala hizo, ifungue kwenye kompyuta nyingine, uisome. Nimeona watu wakinakili kwa uaminifu kwa miaka, na siku ya haja wakakuta folda ina majina ya faili tupu.

Siku ya kuuza au kugawa kifaa, hamisha taarifa zako kwanza, ondoka kwenye akaunti zote, toa laini na kadi ya kumbukumbu, kisha kirudishe kwenye hali ya kiwandani kwa kupitia mipangilio. Kufuta faili moja moja hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi hurejeshwa na mtu mwenye programu ya kawaida tu. Kifaa kisichowaka kabisa kitolewe diski yake, ibaki kwako au ivunjwe, na betri ipelekwe panapokusanywa taka za kielektroniki badala ya kutupwa pamoja na takataka za jikoni.